Fomu 24 ya mdogo wangu

Watu wengi hapa kwetu Uganda wanahesabu kwamba kesi ya jinai inaanza siku jaji anapoketi na mashahidi kuitwa mmoja mmoja. Nimekaa na kesi ya mdogo wangu muda wa kutosha kusema kwamba mengi yanaamuliwa kabla ya siku hiyo. Yanaamuliwa usiku wa kwanza kituoni, kwenye fomu ya daktari inayojazwa mtuhumiwa akiwa na pingu, na kwenye karatasi ya mambo yaliyokubaliwa ambayo pande mbili zinaisaini asubuhi moja. Na mtuhumiwa akiwa mgonjwa wa akili, ugonjwa wake haujisemei. Lazima apatikane mtu wa kuusema, tena kwa maandishi, mapema. Naandika kwa ajili ya mama au dada ambaye leo mgonjwa wake yuko rumande na hajui aanzie wapi.

Mimi nauza mivumba, nguo za mitumba, katika soko kuu la Jinja. Tumekulia Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi, baba alipokuwa kiwanda cha nguo. Pale walikuwepo watu wa kila kabila, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, na lugha iliyotuunganisha ikawa Kiswahili. Hadi leo ndiyo ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu alianza kuugua akiwa sekondari. Alisikia watu wakimsema ukutani, akaacha kula chakula ambacho hakukipika kwa mikono yake. Hospitali walimwanzishia sindano ya kila mwezi, ikamtuliza, akapata kazi ya kupakia samaki kule Masese na akawa mtu wa kutegemewa. Baba alipofariki, mama alirudi kijijini kwao, naye akamfuata. Huko ndiko dawa ilikoanza kukatika. Kituo cha afya cha karibu sindano hakina, nauli ya kuja mjini leo ipo kesho haipo, na mwezi mmoja ukaliwa na mwingine.

Mjomba wetu, kaka yake mama, aliuawa uani kwa mama, na aliyempiga ni mdogo wangu. Siku yenyewe sitaisimulia. Watoto wa mjomba wanaweza kuyasoma haya, na sitaki wakutane na kifo cha baba yao katika maneno yangu. Nitasema tu kwamba watu walishakusanyika na mawe, na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akamfungia mdogo wangu ndani ya stoo yake ya mahindi, akasimama mlangoni mwenyewe mpaka polisi walipofika. Mzee yule nitamwombea dua maisha yangu yote.

Kituoni, askari wa upelelezi alichukua maelezo ya mama usiku uleule. Alimuuliza aliona nini, alisikia nini, silaha ilikuwa wapi. Mama alijibu alichoulizwa. Hakuna aliyemuuliza kama mwanawe ni mgonjwa, na mama, ambaye alikuwa amempoteza kaka yake saa chache tu kabla, hakuwa na nguvu ya kuongeza neno. Kwa hiyo maelezo ya shahidi mkuu hayakugusa ugonjwa kabisa. Shahidi ana haki ya kusomewa alichoandikiwa na kuongeza jambo kabla hajaweka sahihi, na hata baada ya hapo anaweza kurudi kutoa maelezo ya nyongeza. Mama alirudi baadaye akayatoa, lakini kuna pengo la tarehe kati ya karatasi ya kwanza na ya pili, na pengo hilo linaonekana kwa kila anayefungua faili.

Mdogo wangu naye aliandikwa maelezo ya onyo, yale ya mtuhumiwa mwenyewe baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Sheria yetu ya ushahidi inataka kukiri mbele ya polisi kuwe mbele ya ofisa wa cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu, au mbele ya hakimu, vinginevyo hakupokelewi. Cheo kilikuwepo. Tatizo ni alichokisema. Alisema, "Niliyempiga si mjomba. Mjomba walishamchukua, yule alikuwa mtu mwingine amevaa sura yake." Sisi tuliokaa naye nyumbani tunaijua kauli hiyo, alishawahi kuisema kuhusu baba, na hata kunihusu mimi. Lakini ilivyokaa kwenye karatasi, imeandikwa kwa Kiingereza kizuri cha polisi, inasomeka kama ya mjanja anayekubali kupiga na kukana kumjua marehemu. Niliposoma nakala yake baadaye nilielewa jinsi mgonjwa anavyoweza kuonekana mwerevu kuliko wazima.

Katiba, ibara ya 23, inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Zilipita. Nazitaja hizo saa 48 kwa sababu ndugu akizijua anaweza kusimama kaunta na kuuliza kwa adabu, na kuuliza huko huwa kunasogeza mambo. Bondi ya polisi, kwa wanaohitaji, hailipiwi hata shilingi. Kwetu haikuwa ya kufikiria.

Sasa Fomu 24. Kila mtuhumiwa wa kosa zito anapelekwa na polisi kwa mtabibu, ambaye anajaza fomu hiyo: umri wake, majeraha aliyonayo, na hali ya akili yake. Mdogo wangu alipelekwa kituo cha afya akiwa na pingu, askari wawili pembeni, foleni ya akina mama na watoto nyuma yao. Aliulizwa jina, akalisema. Umri, akausema. Aliulizwa ni siku gani, akajibu sawasawa. Hakupiga kelele, hakucheka ovyo, hakuvua nguo. Mtabibu akaandika kwamba akili ni timamu, akagonga muhuri.

Simlaumu sana mtabibu yule. Hakuwa daktari wa akili, hakuwa na historia mbele yake, na alikuwa na foleni. Nalaumu kwamba hakuna ndugu aliyekuwa chumbani wa kumwambia, "Daktari, huyu amekuwa akichomwa sindano tangu sekondari." Mgonjwa wa aina ya mdogo wangu akiwa amezidiwa huwa kimya. Anakaa amenyooka kama mwanafunzi kwenye mtihani, anajibu kwa ufupi, na yote yanayomtesa anayabana ndani kwa sababu anaamini ukiyasema wabaya watajua. Fomu ile ya ukurasa mmoja ilimfuata kila mahali. Kila tulipoeleza habari za ugonjwa, mtu aliifungua na kutuonyesha mstari ule.

Na ana haki ya kuutegemea, kwa sababu Kanuni ya Adhabu inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Serikali ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha kosa, lakini habari ya akili inaangukia upande wa mshtakiwa. Habebi mzigo mkubwa kama wa serikali. Inatosha kuonyesha kwamba inaelekea zaidi kuwa hivyo. Lakini lazima aonyeshe. Sasa mtu ambaye akili yake ndiyo iliyovurugika, aonyesheje bila watu wake?

Mahakama ya hakimu ilituchanganya zaidi. Siku ya kwanza tulijaa pale, upande wetu na wa mjomba, tumejiandaa kusikiliza. Hakimu alimsomea shtaka la kuua kwa kukusudia, akamwambia asijibu kitu, kwa sababu mahakama yake haina mamlaka juu ya kosa hilo. Linasikilizwa na Mahakama Kuu peke yake. Akarudishwa rumande, gereza la Kirinya. Baada ya hapo kila alipoletwa, mwendesha mashtaka alisimama kusema upelelezi haujakamilika, tarehe nyingine ikatajwa, basi. Mama alikuwa akitoka kijijini alfajiri kwa matatu, anakaa benchi la nyuma, na jambo lenyewe linakwisha kabla hajamaliza kupangusa jasho. Pia pale nje wako watu wenye mashati masafi wanaokwambia wanamjua huyu na yule na kesi inaweza kuisha. Usiwape kitu. Faili la mauaji haliishi kwenye kivuli cha mwembe.

Aliyetufungua macho alikuwa msaidizi wa sheria, mmoja wa wale vijana wanaozunguka magereza na vituo vya polisi kusaidia wafungwa bila malipo. Alimkuta mdogo wangu ndani, akaona hajisemei, akanitafuta sokoni. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Dada, mna kitu chochote kilichoandikwa hospitali?"

Tulikuwa nacho. Hospitali zetu za serikali mgonjwa anakuja na daftari lake la shule, lile la jalada jepesi lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na daktari anaandika humo. Mama alikuwa amelihifadhi la mdogo wangu ndani ya kavera mbili, mifuko ya plastiki, pamoja na hati ya ubatizo na kadi za chanjo za wote tuliozaliwa. Ndani kulikuwa na mihuri ya kliniki ya akili, majina ya dawa, kiasi cha kila sindano na tarehe ya kurudi. Kuna kurasa ambazo tarehe zinafuatana mwezi kwa mwezi. Halafu mihuri inakoma, na kurasa nyeupe zinaanza. Msaidizi wa sheria aliweka kidole kwenye muhuri wa mwisho, akaenda nao mpaka kwenye tarehe ya kifo cha mjomba iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema twende tukatoe nakala.

Tuliandika barua moja, tukaipeleka sehemu tatu: kwa wakili wa serikali katika ofisi ya DPP (mkurugenzi wa mashtaka), kwa mkuu wa gereza, na kwa karani wa mahakama iingie kwenye faili. Kila moja ilikuwa na nakala za daftari, na kila tulipoikabidhi tuliomba nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Hilo la muhuri usilione dogo. Maafisa wanahamishwa, mafaili yanasafiri, na anayekuja kesho hajui kwamba uliongea na wa jana. Daftari lenyewe halikutoka mikononi mwa mama mpaka lilipotakiwa na daktari aliyeagizwa na mahakama, na hapo tulisainiana.

Faida ya kwanza ilikuwa dawa. Zahanati ya gereza iliona kiasi alichokuwa akichomwa, wakamrudishia sindano. Kwa hilo peke yake barua ilistahili. Hata kama kesi isingebadilika hata kidogo, mtu wetu asingekaa gizani humo ndani akipambana na vivuli.

Kuhusu dhamana, tulijadiliana sana. Katiba inasema mtu anayeshtakiwa kwa kosa la Mahakama Kuu peke yake, akikaa rumande siku 180 kabla kesi haijahamishiwa huko, mahakama itamwachia kwa dhamana yenye masharti yanayofaa. Zamani zilikuwa 360, marekebisho ya mwaka 2005 yakazipunguza. Kaka yangu mkubwa alitaka tuombe. Mimi nilikataa, na bado nasimama hapo. Angerudi wapi? Kijijini, nyumba tatu kutoka kaburi la mjomba, kwa watoto wa marehemu ambao bado hawajavua huzuni? Na sindano angeipata wapi, wakati ni kukosekana kwake kulikotufikisha hapa? Kuna familia ambazo dhamana ndiyo njia, hasa penye hospitali karibu na ndugu wa kumsimamia. Kwetu ingekuwa kumrudisha kwenye moto.

Kesi ilihamishiwa Mahakama Kuu pale DPP alipoleta shtaka rasmi na muhtasari wa ushahidi. Hakimu aliusoma, akampa nakala, akamkabidhi rasmi kwa Mahakama Kuu. Mdogo wangu aliikunja ile nakala akaifanya ndogo kabisa, akaitia soksini. Kuanzia hapo unasubiri kikao, na kusubiri huko ndiko kunakochosha, kwa sababu Mahakama Kuu inasikiliza kesi hizi kwa vikao na orodha ni ndefu.

Katika kusubiri huko ndipo yalipokuja makubaliano ya kukiri kosa. Utaratibu huo una kanuni zake za mwaka 2016: mshtakiwa anakiri, anakubaliana na serikali juu ya adhabu, jaji anapitisha. Wafungwa wengi wanaupenda kwa sababu wanajua watatoka lini. Mdogo wangu alijiandikisha. Nilipomuuliza kwa nini, siku ya kumtembelea, alisema wenzake wote wa chumba wamejiandikisha na asingependa kubaki peke yake. Nilihisi miguu imekufa ganzi. Alikuwa tayari kukubali kifungo cha miaka mingi kwa jambo ambalo hata hakuamini kwamba limetokea, maana katika kichwa chake mjomba alikuwa hai mahali fulani.

Bahati ni kwamba kufikia hapo alikuwa na wakili. Ibara ya 28 ya Katiba inasema anayeshtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha anapewa wakili kwa gharama ya serikali. Watu wanawadharau mawakili hawa kwa kuwa hawalipwi na familia. Wa kwetu alikuwa na mafaili mengi, alitupa muda mfupi, lakini alisikiliza. Mpeni wakili wa namna hiyo karatasi badala ya hadithi ndefu. Nilimwekea mezani nakala ya daftari, barua zenye mihuri, na ukurasa mmoja nilioandika mwenyewe wenye majina ya watu wanaoweza kusimulia ugonjwa: mama, msimamizi wake wa Masese, nesi wa kliniki. Alisoma, akaenda kuliondoa jina la mdogo wangu kwenye orodha ya wanaokiri, kwa sababu makubaliano yanamtaka mtu aelewe anachokubali.

Halafu ikaja siku ambayo mtu asiyejua anaweza kuiona ni ya taratibu tu. Shtaka lilisomwa mbele ya jaji, likatafsiriwa. Jaji akauliza ni kweli au si kweli. Mdogo wangu akajibu, "Wewe unajua." Akaulizwa tena, akarudia vilevile. Jaji akaandika kwamba amekana. Kinachofuata hapo ni pande mbili kukaa na kuorodhesha mambo wasiyobishania, ili mashahidi wasiitwe bure. Ripoti ya uchunguzi wa maiti inakubaliwa, na kwa kawaida Fomu 24 inakubaliwa pia, maana nani anagombana na umri wa mtu? Ikishakubaliwa na kusainiwa, kila kilichomo kinahesabika kimethibitika, pamoja na mstari ule wa akili timamu. Wakili wetu alikubali ripoti ya maiti. Fomu 24 akasema hapana. Akasimama kueleza, akakabidhi nakala za daftari, na wakili wa serikali, kwa uungwana ambao sikuutarajia, akasema hata kwenye faili lake barua ile ipo.

Jaji alimtazama mdogo wangu muda mrefu. Akamuuliza yeye mwenyewe, kupitia mkalimani, kama anajua yuko wapi na kwa nini. Kisha akaahirisha, akaagiza apimwe na daktari bingwa wa akili na ripoti iletwe mahakamani.

Daktari ndiye aliyenitenganishia mambo mawili ambayo tulikuwa tukiyachanganya wote, mimi, mama, hata watoto wa mjomba. La kwanza ni hali ya akili yake siku ile ya tukio. Hilo litaamuliwa na jaji akisikiliza ushahidi, na wazee wa baraza, raia wanaokaa naye, wakimpa maoni yao. La pili ni hali yake sasa: je, anaweza kushiriki kesi yake mwenyewe? Mtu anaweza kuwa alikuwa mzima siku ya kosa na leo hawezi kujitetea. Anaweza pia kuwa alikuwa hajitambui siku ile na leo yuko sawa kabisa. Daktari alikuwa ameagizwa la pili, akasema atagusa la kwanza kadiri ushahidi unavyomruhusu.

Alimwambia mdogo wangu mapema kwamba yeye si daktari wa kumtunzia siri safari hii. Atakachosema kitaandikwa na jaji atakisoma. Kisha maswali yenyewe yalikuwa mepesi kusikia. Kazi ya jaji ni nini? Yule wakili wa upande mwingine anataka nini? Huyu wako yuko upande wa nani? Ukisema ni kweli ulifanya, nini kinafuata? Shahidi akisema jambo la uongo juu yako, utafanyaje? Mdogo wangu alijua jaji anahukumu. Alijua gerezani ni wapi. Lakini alipofika kwenye wakili wake alieleza kwamba hana haja ya kumwambia kitu, kwa sababu jaji anasikia mawazo yake moja kwa moja, na kwamba wakili ametumwa kuyaziba. Ndiyo maana ya lile "Wewe unajua." Mahakama nzima ilisikia jeuri. Yeye alikuwa amesema anachokiamini.

Daktari hakumpima mara moja akaridhika. Aliongea na maaskari jela wanaomwona usiku, akaongea na mama kirefu, akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Nilimuuliza waziwazi kama watu hawajifanyi. Akasema wapo, na mara nyingi wanaojifanya hutaka sana uone ugonjwa wao. Huyu alitumia nguvu zake zote kuuficha. Ripoti ilisema kwa sasa hawezi kujitetea, atibiwe, apimwe tena. Kwa amri ya mahakama alipelekwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wowote. Nilikuwa nimesikia habari za watu waliokaa miaka na miaka wakisubiri amri ya waziri, kwa sababu sheria ilisema mtu asiyeweza kushtakiwa kwa ajili ya akili azuiliwe na habari zake zipelekwe kwa waziri. Wakili alinituliza kwa kunieleza mambo mawili ya mwaka 2015. Shirika la CEHURD lilikuwa limefungua kesi katika Mahakama ya Katiba, na mahakama ikatamka kwamba kifungu hicho cha kuzuilia watu kinapingana na Katiba. Mwaka huohuo jaji mmoja wa Fort Portal, katika kesi ya mtu aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili na bado yumo gerezani akisubiri waziri, alisema mahakama yenyewe ndiyo itoe amri kuhusu mtu kama huyo. Wakili akanikumbusha lakini kwamba hukumu haijitembezi. Kila kikao kikianza, mtu aulize ripoti iko wapi. Niliuliza. Nilikuwa nikimpigia karani simu mpaka akanijua kwa sauti.

Mtoto mkubwa wa mjomba alinijia sokoni siku moja, akasimama mbele ya meza yangu ya mashati. "Dada, mnamficha nyuma ya ugonjwa," akasema. "Baba amelala chini na ninyi mnatafuta daktari." Niliacha wateja, tukaenda kukaa nyuma ya vibanda. Nilimwambia kwamba kupimwa hakumwachii mtu huru, kesi imesimama tu, haijafutwa. Nilimwambia pia kwamba hukumu inayopatikana kwa mtu asiyeelewa inaweza kuvunjwa kwenye rufaa, na wao warudi kuisikiliza upya. Hakuniitikia. Akauliza, "Na alipokuwa amekosa dawa, mlikuwa wapi wote?" Lile lilikuwa swali halali, na lilikuwa lake pia, maana mjomba mwenyewe ndiye aliyewahi kutoa nauli ya kliniki zaidi ya mara moja. Tulilia wote wawili pale kwenye marobota. Tangu siku ile anapokea simu zangu, ingawa kanisani anakaa mbali na mama.

Mdogo wangu alipata nafuu. Siku niliyojua ni siku aliponiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mjomba alizikwa karibu na bibi. Alikuwa ameshafika mahali pa kujua kwamba ni mjomba. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Aliyewahi kumwona mpendwa wake akirudiwa na akili na kukuta alichofanya ataelewa kwa nini manesi walimlaza karibu na meza yao wiki zile.

Ripoti ya pili imesema sasa anaweza kufuata kesi na kumwelekeza wakili wake. Amerudishwa Kirinya, sindano inaendelea, na shauri limepangwa kikao kijacho. Swali la siku ile sasa ndilo litakalosikilizwa. Mama ameitwa na upande wa mashtaka, na daktari ataitwa na upande wetu. Wakili amemwambia mama asome maelezo yake yote mawili kabla ya kupanda kizimbani, lile la usiku wa kwanza na lile la nyongeza, kwa sababu ataulizwa kwa nini la kwanza halikutaja ugonjwa. Mama amesema atawajibu hivyohivyo ilivyokuwa: hawakumuuliza.